Maharage ya Jana na Hesabu ya Bakteria

Mtungi wa maziwa ukishushwa kwenye kituo cha kukusanyia Mbarara, mpokeaji hajichoshi kwa maswali. Anachota kidogo, anachanganya na spiriti kiasi kilekile ndani ya kichupa, anakitikisa, kisha anakiinua kwenye mwanga. Yakibaki laini, yanaingia kwenye tangi la kupozea. Yakiacha chembechembe kwenye kuta za kichupa, mtungi unarudi juu ya bodaboda, na mwenye mali anaanza kutafuta mnunuzi asiyepima.

Kipimo hicho ni rahisi na kinafanya kazi, ila kinasoma yaliyokwisha kutokea. Maziwa yakifika hatua ya kuganda kwa spiriti, bakteria wameshakuwa mamilioni na asidi yao imeshaanza kuvuruga protini. Swali la mfugaji wa Isingiro ni la mapema zaidi: nikikamua saa kumi na mbili asubuhi, nina saa ngapi mkononi? Ukibadilisha chombo, swali ni lilelile kwa mama wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale mwenye maharage yaliyobaki jana, kwa mvuvi wa ziwa la hapohapo anayeanika kambale, na kwa mama lishe wa Kakoba, mjini Mbarara, ambaye mchuzi wake wa karanga haukuisha mchana.

Ipo taaluma nzima ya kulijibu: mikrobiolojia ya utabiri. Unaieleza hali ambayo chakula kimehifadhiwa, yaani joto, uchachu, chumvi na ukavu, nayo inakupa makadirio ya kasi ya bakteria. Kwa maoni yangu taaluma hii imefika mbali sana kwa chakula kinachokaa kwenye friji, na imekigusa juujuu tu chakula kinacholiwa na watu wengi wa kusini magharibi mwa Uganda. Sababu ziko kwenye asili yake.

Ilianza kwenye makopo. Mwaka 1922, huko California, Esty na Meyer walipima muda unaohitajika kuua spora za bakteria wa botulizimu katika viwango mbalimbali vya joto. Viwanda vya makopo duniani vimeujenga usalama wao juu ya kazi hiyo hadi leo. Miaka ya 1930 Mwaustralia W. J. Scott alichunguza bakteria wanavyoota juu ya nyama ya ng'ombe iliyopozwa, wakati nchi yake ikisafirisha nyama kwa meli hadi Uingereza. Ndiye aliyekuja kuonyesha, mwaka 1953, kwamba bakteria hawajali wingi wa maji yaliyomo ndani ya chakula. Wanajali maji yaliyo huru kutumika. Mwaka 1982 Ratkowsky na wenzake kutoka Tasmania walichapisha kanuni fupi ajabu: mzizi wa mraba wa kasi ya kuota hupanda kwa mstari ulionyooka kadiri joto linavyopanda juu ya kiwango fulani cha chini. Baranyi na Roberts wakaongeza mwaka 1994 modeli inayohesabu pia ule muda wa mwanzo ambapo bakteria bado wanazoea mazingira. Tangu 2003 iko hazina ya data ya bure inayoitwa ComBase, iliyoanzishwa na Waingereza na Wamarekani, yenye maelfu ya mikondo ya uotaji. Makopo na nyama ya meli: aliyelipia elimu hii alikuwa mfanyabiashara wa masafa marefu, na maswali yaliyoulizwa yalikuwa yake.

Hata hivyo kanuni ya Tasmania inafaa kujaribiwa hapa, na kalamu inatosha. Tuchukue bakteria aina ya E. coli, tukadirie kwamba huacha kuota chini ya nyuzijoto 4 hivi na kwamba katika nyuzi 37, hali zote zikiwa nzuri, huongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa kanuni hiyo, katika nyuzi 30 atahitaji dakika 32 kuongezeka maradufu; katika nyuzi 20, dakika 85; katika nyuzi 10, saa kumi. Sasa weka bakteria 1,000 kwenye kila mililita ya maziwa na uyaache saa tano. Kwenye nyuzi 30, ambayo ni mchana wa kawaida Mombasa au Dar es Salaam, watakuwa zaidi ya 660,000. Kwenye nyuzi 20 watakuwa kama 11,500. Kwenye nyuzi 10 hawafiki hata 1,500. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi kinataka daraja la kwanza lisizidi bakteria 200,000 kwa mililita, wa aina zote kwa pamoja, na daraja la mwisho lisizidi milioni 2. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na wastani wa joto lake ni karibu nyuzi 20. Ankole, eneo lenye Mbarara, kuwa nchi ya maziwa kuna sababu nyingi, lakini mwinuko huo umechangia zaidi ya unavyosifiwa.

Hesabu hiyohiyo inafichua jambo ambalo watu hulipuuza. Tuseme jerikani haikuoshwa vizuri, maziwa yakaanza safari na bakteria 100,000 badala ya 1,000. Tofauti hiyo ni sawa na kuongezeka maradufu mara sita na nusu hivi, na kwenye nyuzi 20 ni zaidi ya saa tisa. Maziwa yamezeeka kwa saa tisa kabla pikipiki haijawashwa. Ndiyo maana Mamlaka ya Maendeleo ya Maziwa ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya 1998, imekuwa ikigombana na jerikani za plastiki zenye shingo nyembamba isiyopitisha mkono, na kuhimiza mitungi ya chuma yenye mdomo mpana. Wanyankole walikuwa na dawa yao kabla ya mamlaka yoyote: chombo cha mti kinachoitwa ekyanzi, kinachofukizwa moshi wa nyasi kabla ya kutiwa maziwa. Watu husifu harufu yake. Moshi huo pia hukausha kuta na kuacha kemikali zinazowadhoofisha bakteria, yaani unaipunguza ile namba ya mwanzo.

Pasipo na umeme, tume ya Codex ya viwango vya chakula ilitoa mwongozo mwaka 1991 wa kuamsha kinga iliyomo ndani ya maziwa yenyewe kwa kutia kiasi kidogo sana cha chumvi mbili maalumu. Jedwali lake ni utabiri mtupu: maziwa yaliyotibiwa hivyo yanadumu saa 7 hadi 8 kwenye nyuzi 30, saa 11 hadi 12 kwenye nyuzi 25, saa 16 hadi 17 kwenye nyuzi 20, na saa 24 hadi 26 kwenye nyuzi 15. Sijui namba nne zinazomfaa mfugaji wa mbali kuliko hizo. Hazimwambii "weka mahali pa baridi". Zinampa saa zake.

Baridi yenyewe ni mlinzi hodari anayesinzia umeme ukikatika, na mahali pengi ndani ya Nakivale hajawahi hata kuajiriwa. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, sasa yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, wametawanyika kwenye kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Friji zipo kwenye maduka yenye umeme au sola. Majumbani, kazi ya friji hufanywa na asidi, ukavu na moto, na hapo ndipo utabiri unapopaswa kushuka.

Tuanze na asidi. Maziwa ya bongo, ikivuguto cha Wanyarwanda, obushera wa mtama au ulezi: vyote vinategemea bakteria wa asidi ya laktiki kuchukua nafasi mapema na kuupandisha uchachu hadi pH ishuke kufika 4 au chini yake. Bakteria wa botulizimu hawaoti chini ya pH 4.6, na wengi wa wanaotuumiza matumbo huanza kuhangaika hapo. Wanasayansi wana jina kwa hali ambayo kundi moja likishajaza chakula, mengine nayo husimama: athari ya Jameson, kwa aliyeieleza mwaka 1962. Modeli nyingi za kawaida humpima bakteria mmoja peke yake kwenye supu safi ya maabara, kwa hiyo zikiletwa kwenye maziwa mabichi yenye bakteria wa kila kabila hutabiri hatari kubwa kuliko iliyopo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka mbali kidogo. Kipindupindu kilipoingia Guinea mwaka 1986, wachunguzi walifuatilia vyakula vilivyoliwa, hasa mabaki. Maabara ikaonyesha kwamba bakteria wa kipindupindu huongezeka haraka ndani ya mchuzi wa karanga, ila ndani ya mchuzi wa nyanya, ulio mchachu zaidi, hawaongezeki. Wali ni uleule, jiko ni lilelile. Uganda mchuzi wa karanga, binyebwa, ni chakula cha kila siku, na vibanda vya Kakoba vinavyolisha wanafunzi huupika asubuhi na kuupakua hadi jioni. Nyanya mbili tatu au ndimu ndani ya sufuria hiyo si mapambo. Huko Guinea-Bissau, miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba waliotia maji ya ndimu kwenye mchuzi waliugua kipindupindu kidogo kuliko wasiotia.

Ukavu nao una namba zake. Yale maji huru ya Scott hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 1. Maziwa na nyama mbichi viko karibu na 0.99. Bakteria wengi husimama chini ya 0.91, yule wa majipu, Staphylococcus aureus, hustahimili hadi 0.86 hivi, kuvu huenda hadi karibu 0.7, chini ya 0.6 hakuna kinachoota. Samli inadumu miezi kwa sababu karibu haina maji kabisa. Samli hiyohiyo ikipigwa kwa maji na chumvi ya mwamba ikawa eshabwe, ule mchuzi mweupe wa sherehe za Kinyankole, inapoteza kinga yake na inastahili kuliwa siku hiyohiyo. Samaki mkavu na mukene, yaani dagaa, hukaa salama mpaka mvua za Machi au Septemba ziurudishe unyevu, na hapo anayeanza ni kuvu. Mahindi vivyo hivyo: kiwango cha kanda ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na Kenya ilizika watu 125 mwaka 2004 kwa sumu ya kuvu iliyotoka kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi.

Wasomali wa Nakivale wana nyirinyiri, na kwa mtaalamu nyirinyiri ni darasa. Nyama hukatwa nyembamba, hukaushwa juani, hukatwakatwa, hukaangwa na kufunikwa kwa samli. Mjerumani Lothar Leistner, wa kituo cha utafiti wa nyama cha Kulmbach, aliiita kanuni hiyo vizuizi: kila kizuizi peke yake kinaweza kurukwa, vikipangwa pamoja bakteria anachoka. Lakini kanuni hiyo ina ubaya wake, na watu wanaosifia vya kale huusahau. Samli inaondoa hewa. Nyama ikiwa kavu, hakuna tatizo. Nyama ikiwa bado na unyevu ndani, umemtengenezea bakteria wa botulizimu, ambaye hataki hewa, chumba anachokipenda. Ukipunguza siku ya kuanika kwa sababu ya mawingu, umebadilisha mlinganyo wote huku ladha ikibaki ileile.

Sasa sufuria ya maharage. Naamini hapa ndipo palipo na hatari kubwa ya Nakivale, na pia ya misiba na harusi za Mbarara, ingawa mjadala wa usalama wa chakula mkoani humu hutawaliwa na maziwa.

Kwanza, mwinuko. Mbarara maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kwa bakteria wa kawaida si hoja, maana nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuyafanya maziwa salama kiwandani. Kwa spora ni jambo jingine. Kanuni ya Esty na Meyer inasema joto likipungua nyuzi 10 muda wa kuua huongezeka mara kumi. Likipungua nyuzi 5, mara tatu na kidogo. Mapishi yanayotosha pwani yanaacha spora nyingi zaidi huku juu, na hata pwani hayaziui zote. Maharage yaliyoiva vizuri bado yanaweza kuwa na spora za Clostridium perfringens, na moto umezigutusha tu.

Kisha sufuria inaepuliwa. Chakula kizito hupoa polepole kutoka pembeni kwenda katikati, na muda huongezeka kwa mraba wa kina: sufuria yenye kina mara tatu huchukua takriban mara tisa. Perfringens huota kati ya nyuzi 15 na 50 hivi, na karibu na nyuzi 43 hadi 45 huongezeka maradufu chini ya kila dakika 10, mmoja wa bakteria wenye kasi kubwa kuliko wote tunaowajua. Spora kumi kwa gramu, saa tatu kwenye joto hilo, maradufu mara kumi na nane: milioni mbili na nusu kwa gramu. Kanuni za Marekani zinataka chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Sufuria la lita arobaini lililofunikwa blanketi msibani likisubiri wageni wa mbali haliijui kanuni hiyo. Matumbo hukata usiku, na lawama humwangukia aliyepakua.

Habari njema ni kwamba perfringens hufa akichemshwa tena, na sumu yake hutengenezwa tumboni, si sufuriani. Maharage ya jana yakitokota kwelikweli hadi katikati, yanaokoka. Wali wa jana hauna bahati hiyo. Bacillus cereus anayependa wali huweza kuacha humo sumu ya kutapisha isiyoharibiwa na moto wowote wa jikoni, na Staphylococcus kutoka mkono wa mpakuaji hufanya vivyo hivyo. Modeli ikikwambia bakteria wamekufa, kwa wali haijakwambia kitu.

Tena kuna wadudu wasiohitaji kuota kabisa. Brucella, wa homa inayowasumbua wafugaji wa Ankole miaka yote, hutoka kwenye kiwele cha ng'ombe akiwa tayari, na hustahimili siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyoganda. Hakuna hesabu ya uotaji inayomgusa. Dawa ni kuyachemsha maziwa kwanza, ndipo yagandishwe kwa kutia kianzio kutoka bongo iliyokuwa nzuri. Wapo wanaosema kuchemsha kunaua ladha. Huenda ni kweli, lakini mgongo na viungo vinavyouma miezi ni bei kubwa kulipia ladha.

Kinachokosekana kwenye utabiri wa hapa si hesabu. Ndani ya ComBase kuna programu ya bure inayokadiria uotaji wa perfringens chakula kinapopoa. Unaiingizia joto la sufuria kila baada ya muda, inachora mkondo. Imetengenezwa kwa nyama ya viwandani, kwa hiyo kwa maharage italazimu kupimwa upya, lakini kazi hiyo haihitaji mashine za mamilioni: kipimajoto kinachorekodi, sufuria halisi, kuni halisi, na maabara ya kuhesabu bakteria kama zile zinazoweza kupatikana kwenye chuo kikuu cha sayansi kilichopo Mbarara tangu 1989. Mwanafunzi mmoja akipima namna sufuria za Juru zinavyopoa usiku wa Julai na usiku wa Machi, ataandika kitu ambacho modeli za Uingereza na Tasmania hazina.

Akifanya hivyo, asiache nje bei ya kuni. Kuchemsha maharage mazito hadi katikati kunakula moto, na Nakivale kuni hutafutwa mbali au hununuliwa. Kwa hiyo watu hupika mara moja kwa siku na kupasha moto juujuu. Mgao nao umepungua. Shirika la Chakula Duniani lilipunguza chakula cha wakimbizi Uganda kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, likapunguza tena mwaka uliofuata, na Mei 2025 watu karibu milioni moja wakaondolewa kwenye msaada huo. Kumwambia mtu wa namna hiyo "kikizidi saa nne kitupe" ni kumpa ushauri uliopimwa kwenye nyumba yenye kesho. Hatatupa. Atanusa, na perfringens hana harufu.

Utabiri unaomfaa ni wa kumpangia zamu ya kula. Wali uliwe wote usiku huohuo, hata kama watoto wameshiba na maharage ndiyo yabaki. Maharage yanayobaki yamwagwe kwenye sinia pana yapoe upesi, asubuhi yatokote. Mchuzi wa nyanya utangulie kuwekwa akiba kuliko wa karanga. Bongo iliyotoka kwenye maziwa yaliyochemshwa inaweza kungoja vyote hivyo, na samaki mkavu angoje zaidi, alimradi mfuko wake uko juu karibu na moshi na mvua haijafika.